Swichi ya Mama

Mtu anayeongea kwa mdomo, hata picha ikiganda, sauti yake bado inaweza kukufikia ukaelewa. Kwetu sisi picha ikiganda ndiyo basi, maneno yameishia hapo. Mama ni kiziwi tangu utotoni na huongea kwa mikono. Kaka yangu akipiga simu ya video kutoka huko anakofanya kazi, mtandao ukizubaa, Mama hubaki mikono ikiwa hewani kama mtu anayepima kitambaa, na Kaka huko aliko hubaki amekodoa macho. Tunasubiri. Picha ikirudi, kila mmoja ameshasema nusu ya jambo lake na mwenzake hajui ni nusu ipi.

Tulivumilia hivyo muda mrefu, maana mazungumzo yenyewe yalikuwa ya kawaida tu: umekula, umelala, kazi inaendaje. Kisha Kaka akapata mchumba. Walikutana kiwandani, wote wawili wanafunga mizigo. Binti hasikii, na mama yake pia hasikii. Mama alipoambiwa hilo aliacha kushona, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, na safari hii nilijua ameelewa, anapenda tu kuitazama habari yenyewe.

Mama wa binti alituma ujumbe kupitia kwa Kaka. Kabla hajakubali lolote alitaka kuzungumza na Mama, wao wawili, Jumapili mchana. Hakutaka wazee wala wajomba. Alimtaka Mama.

Baba Mdogo aliposikia alicheka kidogo.

"Sasa hapo shida iko wapi? Baba mdogo wa binti si anasikia? Mimi na yeye tutaongea kwa simu, tutamaliza. Kama siku zote."

Baba Mdogo ni mdogo wake marehemu baba, na alihamia kwetu baada ya msiba ili nyumba isikae bila mwanamume. Si mtu mbaya. Ni yeye anayempeleka Mama hospitali, ni yeye anayesimama naye kwenye maofisi. "Shemeji anasema hivi, shemeji angependa vile," husema, hata pale ambapo shemeji mwenyewe hajaulizwa. Kwa miaka yote hiyo amejifunza alama tatu: njoo, chakula, na subiri. Hiyo ya subiri ndiyo anayoitumia zaidi.

Nilimfikishia Mama maneno yake. Mama alikuwa anashona upindo wa sketi. Akaibana sindano kwa midomo ili apate mikono.

"Mwambie nimeulizwa mimi."

Nikamwambia. Baba Mdogo akajikuna shingo.

"Haya, basi aje akae hapa sebuleni. Rauta si iko hapa? Hapa mtandao unakimbia mpaka unasahau breki."

Mama akatikisa kichwa, nami nilijua kwa nini. Dirisha la sebule liko nyuma ya kochi. Ukikaa pale mwanga unakupiga mgongoni, uso unakuwa kivuli na mikono haisomeki. Tena Baba Mdogo angekaa pembeni yake. Angeanza kwa kuingiza sikio tu kwenye picha, kisha shavu, kisha angesalimia, na kufikia hapo angeshaanza kujibu. Chumba cha Mama kiko mwisho wa korido. Ndicho chumba chake cha kushonea, kina madirisha mawili na mlango unaofungika. Kasoro yake ni moja, mtandao ukifika pale unakuwa umeshachoka.

"Basi tuvute waya," nilisema.

Fundi wa mtandao mtaani kwetu anaitwa Sasa Hivi, kwa sababu ukimpigia ndivyo anavyojibu, hata kama bado anatafuta soksi. Tulimwita Alhamisi, akaja Ijumaa, ngazi begani na bunda la waya wa bluu mkononi kama mtu aliyetoka kununua usukani.

Baba Mdogo akanyoosha mkono kwenye swichi zilizo kando ya mlango wa sebule. Ziko mbili. Moja ni ya taa ya pale pale sebuleni. Ya pili tunaiita swichi ya Mama. Baba aliifunga mwenyewe walipohamia, na ukiibonyeza, taa ya chumbani kwa Mama huzimika na kuwaka. Mara mbili maana yake njoo. Mara tatu, kuna mteja. Kwa ajili hiyo taa ya Mama huwaka kutwa nzima, hata jua likiwa kali. Mimi nikiwa humo chumbani huhitaji hata kutazama juu. Simu yangu ikiwa kwenye chaji hulia kila swichi inapobonyezwa, nami hujua Mama anaitwa.

Sasa Hivi aliona taa ya mwisho wa korido inakonyeza.

"Mzee, umeme wenu unacheza?"

"Hiyo ndiyo kengele yetu," Baba Mdogo akasema.

Mama akatokea na tepu shingoni.

"Shikamoo mama," fundi alipaza sauti mpaka jirani wa dirisha la pili akaitikia marahaba.

"Hasikii kabisa, fundi," nikamwambia. "Hata ukimsalimia kutoka juu ya ngazi."

"Sasa nimsalimieje?"

Nikamwonyesha. Akaweka ngazi chini, akafanya, kidogo kombo lakini ilieleweka. Mama akamjibu, kisha akanigeukia.

"Huyu ana vidole vinene lakini vinasikia."

Sasa Hivi alitembea nyumba nzima na simu yake akipima, kisha akasimama mbele ya chumba cha Baba Mdogo, ambacho ndicho kiko katikati, akaligonga kabati la chuma lililoegemea ukutani.

"Mchawi wenu huyu hapa. Mtandao wa hewani ukikutana na ukuta unapenya kwa shida, lakini ukikutana na chuma unarudi kwao. Waya haujali. Utapita darini, utashukia kwa mama, mwisho wake tunafunga kisanduku kingine kinachogawa mtandao humo humo ndani. Kazi ndogo."

"Utatoboa wapi?" Baba Mdogo aliuliza.

"Juu ya huu mlango, na kule chumbani."

"Ukuta huo aliujenga kaka yangu. Toboa kwa adabu."

"Ni tundu la kidole tu, mzee."

"Kidole cha nani? Maana chako ni tundu la panya."

Fundi akacheka, akapanda. Waya ulitoka kwenye rauta, ukapanda pembeni mwa fremu ya mlango, ukashikwa na vibanio vidogo vyeupe, ukaingia darini. Sasa Hivi naye akaingia huko huko, tukawa tunamsikia akitambaa na kupiga chafya. Kazi yangu ilikuwa kugonga dari kwa mpini wa ufagio ili ajue korido inaelekea wapi. Nilipofika chumbani kwa Mama nikagonga mara ya mwisho. Akajibu kwa kugonga pia.

Drili ilipoanza kulia, Mama alisimama akabandika kiganja ukutani. Akakisogeza kidogo, akakisogeza tena, kama mtu anayemtafuta mtoto tumboni. Kisha, bila haraka, akayaondoa magauni matatu ya wateja yaliyotundikwa hapo. Vumbi likatoka, kisha ncha ya drili, pale pale yalipokuwa magauni.

"Wangelia vizuri," Mama akasema. Alikuwa anazungumzia wenye magauni.

Tundu lilipatikana lakini waya ukagoma. Ukuta ni mnene na tundu lilikuwa limepinda katikati, fundi akisukuma kutoka juu waya unajikunja, akivuta unarudi. Alijaribu mpaka jasho likamtiririka kwenye matundu ya dari. Mama alitazama ile ncha ya bluu ikichungulia na kurudi, ikichungulia na kurudi. Akaenda kwenye mkebe wake, akachukua ile pini ndefu anayotumia kupitishia mpira kwenye kiuno cha sketi, akaifunga uzi mnene, akaipenyeza tunduni kwa kuisukuma na kuinyoosha, kidogo kidogo, mpaka fundi akapiga kelele huko juu kwamba amechomwa. Fundi akafunga waya kwenye uzi. Mama akavuta. Ukaja mzima.

"Hiyo mbinu nimeipenda," Sasa Hivi alisema aliposhuka, nywele zote zimejaa utando wa buibui. "Mwambie nitaiiba."

Mama akajibu, "Mwambie kwenye sketi ni ngumu zaidi. Ukuta hauji kukusimamia mlangoni ukisema harusi ni kesho."

Tulibaki kumtazama akifunga vichwa vya waya. Alimenya lile ganda la bluu, ndani mkatoka nyaya nane nyembamba kama nyuzi, zimesokotwa mbili mbili, kila moja na rangi yake. Akazisokotoa, akazipanga, akazinyoosha kwa kucha, akazikata zikalingana urefu, akazichomeka zote kwa pamoja kwenye kichwa cha plastiki na kukibana kwa koleo lake. Mama aliinama mpaka kivuli chake kikamzibia fundi mwanga. Sasa Hivi hakulalamika. Alisogea tu ili wote waone.

"Nimewaachia mzunguko wa akiba hapa ukutani," alisema. "Siku mkitaka kuhamisha meza, msikate waya. Mwisho unaobaki leo ndio unaotafutwa kesho kutwa."

Kisha akakishika kile kisanduku cheupe na plagi yake, akatazama soketi ya chumbani.

"Hii ina umeme wa uhakika? Hiki kikizimika kinachukua muda kuamka."

"Soketi hiyo?" Baba Mdogo akajibu kutoka mlangoni. "Tangu kaka aifunge haijawahi kutusumbua."

Fundi akachomeka. Taa ndogo za kijani zikawaka moja moja.

Tulimpigia Kaka hapo hapo. Tableti aliyomtumia Mama mwaka jana tuliisimamisha juu ya meza ya kukatia, ikaegemea jora la kitambaa. Kaka akatokea, na mikono yake ilikuwa inakwenda bila kukatika hata kidogo, mpaka ile alama ya mwisho ambayo huwa hatuioni. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama tumepaka rangi chumba.

"Ukuta ni ule ule," Mama akamjibu. "Ulikuwa hujauona."

Jumamosi walikuja wateja. Baba Mdogo akabonyeza swichi yake kama kawaida, taa ikazimika na kuwaka, Mama akaenda, akarudi. Kisanduku kilikuwa nyuma ya jora, hakuna aliyekuwa na sababu ya kukitazama.

Jioni hiyo, wakati anajipigia pasi gauni la kesho, Mama alizungumza bila kuniangalia, kama anavyofanya akiwa na jambo zito.

"Unajua anachotaka kuona yule mama? Akiniona nasemewa, atajua mwanawe naye akija huku atasemewa. Mimi nisingemtoa mtoto wangu."

Nikamuuliza kama atamnyima.

"Mimi ningemnyima," akasema.

Gauni alilochagua ni la bluu iliyoiva, halina ua wala mstari, ili mikono ionekane. Jumapili alikaa mapema, akafungua mapazia yote mawili, akanitaka nikae pembeni nisionekane. Nilikuwepo kwa ajili ya tableti tu, isije ikalala. Sebuleni Baba Mdogo alikuwa amevaa shati lake la kola. Alisema amelivaa tu.

Mama wa binti alikuwa mwanamke mnene, na nywele alizifunga nyuma kabisa. Nyuma yake walisimama Kaka na mchumba wake, wameshikana vidole vya mwisho wakidhani hawaonekani. Mwanzo walisalimiana, wakaulizana shule walizosoma, wakagundua wote wawili walifundishwa kushona na kwamba mmoja aliacha. Mama alicheka. Mimi nimeishi naye maisha yangu yote, na sikuwahi kumuona akiongea na mtu wa rika lake kwa kasi ile. Mengine nilishindwa kuyafuata.

Kisha mama wa binti akanyoosha mgongo.

"Nataka kukuuliza jambo moja. Unijibu kama ungekuwa mimi."

"Uliza."

"Hapo nyumbani kwenu, nani mwingine anaongea kwa mikono?"

Mama alishusha mikono mapajani, akaiinua.

"Ni mimi na binti yangu," alianza. "Wengine..."

Taa juu ya kichwa chake ikazimika, ikawaka. Ikazimika, ikawaka. Simu yangu kwenye chaji ikalia. Kwenye tableti mama wa binti akaganda, macho yameinuliwa kidogo, anasubiri hilo neno. Kisha picha ikaondoka kabisa.

Nilitazama nyuma ya jora. Kisanduku kilikuwa giza. Ikaanza kuwaka taa moja, na kabla haijashika ya pili, swichi ikabonyezwa tena, mara mbili, na zote zikafa.

Nilikwenda sebuleni kwa hatua za kukimbia. Baba Mdogo alikuwa amesimama kando ya mlango, simu sikioni, mkono mwingine ungali kwenye swichi.

"Uko hapo? Mwite mama yako. Baba mdogo wa binti yuko hewani, anasema na sisi wazee tupange tarehe kabisa. Nataka tu anipe ishara, ndiyo au hapana."

"Baba Mdogo, umemzimia."

"Nimemzimia nani? Nimemwita."

"Swichi hii inazima chumba kizima. Taa na soketi. Kisanduku kiko kwenye soketi."

Alitazama kile kidole chake kwenye swichi. Akakitoa taratibu, kama kwamba ukuta ungeweza kumwona. Kwenye simu yule mzee mwingine alikuwa anaongea, sauti inatoka nje.

"Halo? Naambiwa huku wamekatika. Shemeji yangu anauliza, mwenzake alikuwa anataka kusema nini? Alikuwa katikati ya jibu."

"Ndiyo, ndiyo, mkwe," Baba Mdogo akasema, na ulimi wake ukateleza njia ile ile unayoijua. "Shemeji anasema hakuna shida yoyote, binti atakuta nyumba nzima inamwelewa, sisi hapa wote..."

"Hakusema hivyo," nilisema.

Akafunika simu kwa kiganja.

"Alisema nini?"

"Alikuwa hajamaliza."

Mama alikuwa ameshafika kwenye mlango wa korido. Hakuuliza kilichotokea. Alimwona Baba Mdogo na simu, aliiona ile midomo iliyokuwa inakwenda, na maneno kama shemeji na binti anayasoma vizuri sana midomoni, maana ameyaona mara nyingi. Akaniambia kwa mkono mmoja tu, karibu na kifua, kama mtu aliyechoka.

"Mwambie nimeulizwa mimi."

Nikamwambia. Yalikuwa ni maneno yale yale ya mwanzo, lakini safari hii Baba Mdogo hakumtazama mtafsiri. Alimtazama Mama, na Mama akamtazama yeye, na ile simu ikawa inasema halo, halo, chini ya kiganja.

Akaiinua.

"Mkwe," akasema, "hayo niliyosema yafute. Mimi sijui alitaka kusema nini. Subirini hapo, atasema mwenyewe."

Akakata. Kisha akafanya ile alama yake ya subiri, safari hii akijielekezea mwenyewe, na sijui kama alikusudia.

Akaibonyeza swichi ili umeme wa chumba urudi, lakini ilikuwa imelegea, haikushika tena. "Umeme tuutoe wapi?" aliniuliza.

Tukachomoa ekstensheni ya televisheni. Tuliipitisha chini ya kochi, ikatoka mlangoni, ikanyooka koridoni mpaka ikakaza, na bado ilibaki hatua kadhaa kufika chumbani. Nikaufungua ule mzunguko wa waya wa akiba, kisanduku kikasogea mpaka mlangoni, nikakiweka juu ya kigoda. Vilikutana, lakini kwa shida. Plagi ilikuwa inavutwa, ukiiachia inachomoka.

"Leta," Baba Mdogo akasema. Akaketi sakafuni kwenye korido na shati lake la kola, akaishikilia plagi kwa mikono miwili. "Mimi siondoki hapa. Nenda."

Kisanduku kilichukua muda wake kuamka. Mama alikaa mbele ya tableti nyeusi, mgongo wima. Picha iliporudi, mama wa binti alikuwa pale pale, hajabadilisha hata mkao.

"Umeme," Mama akamwambia.

"Nilidhani umenikimbia."

"Uliniuliza nani anaongea kwa mikono. Ni mimi na binti yangu. Wengine wananiita kwa taa. Nikifika, hawana la kuniambia."

Koridoni nilisikia Baba Mdogo akininong'oneza, ingawa hapakuwa na wa kumsikia isipokuwa mimi. "Anasema nini?"

Ningeweza kumpunguzia. Nilimwambia yote, jinsi yalivyo. Nilitazama taa za kijani kwenye kisanduku, zilikuwa zinawaka bila kutikisika, kwa hiyo mikono ya Baba Mdogo ilikuwa haijatikisika pia.

Mama wa binti akatabasamu upande mmoja.

"Kwenu angalau wanaita," akasema. "Huku kwangu shemeji hunirushia ndala."

Mama alicheka mpaka akashika meza. Kaka na mchumba wake walicheka pia, na mimi, na Baba Mdogo huko chini akauliza tena kuna nini, nikamwambia nitamweleza baadaye.

"Ungeniambia wote wanajua, nisingeamini," yule mama aliendelea. "Nilikuwa nimeshajiandaa kukataa. Sasa nisikilize. Wataishi huku kwanza. Wakija kwenu, mwanangu asikae siku nzima bila mtu wa kusema naye. Hilo utanihakikishia?"

"Kwa mimi na binti yangu, ndiyo. Kwa wengine, nipe muda."

"Muda upo. Harusi haijapangwa."

"Tuipange," Mama akasema, na wakaipanga, wao wawili, huku Kaka akijaribu kuingiza tarehe yake na wote wakimpuuza. Mazungumzo yalikwenda muda mrefu. Nilipotoka kwenda kunywa maji nilimruka Baba Mdogo. Alikuwa ameegemea ukuta, plagi mikononi, anatazama kupitia mlangoni mikono ya Mama ikienda. Sikumbuki kumuona akiitazama hivyo kabla.

Sasa Hivi aliitwa Jumatatu, akaja Jumanne. Alipofungua swichi ya Mama ili aikaze akakuta ni kweli, marehemu aliupitisha umeme wa chumba kizima hapo hapo.

"Mzee wenu alirahisisha maisha," akasema. "Wakati wake humu hamkuwa na cha kuzima ila taa." Akaihamisha soketi kwenye njia nyingine ya umeme, ikabaki peke yake. Kisha akauliza kama hiyo swichi aiondoe kabisa.

Baba Mdogo ndiye aliyejibu, "Muulize mwenyewe." Na fundi akaniangalia mimi, nami nikamwangalia Mama.

Mama akasema swichi ibaki, ni ya mume wake. Ila akataka na ya kwake. Akamwonyesha fundi ukutani, kando ya cherehani, pale anapofikia mkono bila kuinuka. Iwe inazima na kuwasha taa ya sebule.

"Taa tu?" fundi aliuliza. "Televisheni nisiiguse?"

"Taa tu," Mama akasema. "Mimi si mkatili."

Sasa Hivi alirudi darini, akalalamika kwamba yeye ni fundi wa mtandao na sasa wanamfanya wa umeme, akapitisha waya mwingine, mweupe, upande wa pili wa dari mbali na ule wa bluu. Umeme na mtandao, alisema, havilali kitanda kimoja, vinapigana mateke. Mama alimpa ile pini kabla hajaiomba.

Jioni jua lilikuwa bado halijazama. Baba Mdogo alikuwa kwenye kochi anatazama mpira, mimi naokota vipande vya ganda la bluu chini ya ngazi ambayo fundi aliisahau. Taa ya sebule ikazimika, ikawaka. Ikazimika, ikawaka.

Baba Mdogo akainua uso. Akanitazama.

"Hiyo ni nini?"

"Unaitwa."

"Mimi?"

"Mara mbili ni njoo."

Akatafuta ndala zake, akapunguza sauti ya mpira, sijui kwa ajili ya nani, akaenda koridoni. Nilimfuata kidogo, nikasimama nyuma. Mama alikuwa ameweka kigoda cha pili mbele ya cherehani. Akamwonyesha akae. Akakaa. Akageuza shingo kunitafuta mimi, kama kawaida yake, lakini Mama akamgusa bega akamrudisha kumtazama yeye.

Kisha akainua mkono wake wa kulia, polepole, akamwonyesha alama ya kwanza, na akasubiri arudishe.